"Watu wa Linux wanatukana": sifa hii imetoka wapi, na ile ya utu Ubuntu iliipotezea wapi?

Fundi_Kihonda (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo aliniletea laptopu yake pale kibandani. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yake haina ile chipu ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Nikamwambia mashine bado nzima, ina RAM giga nne, diski haijachoka, tuweke Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, uendelee nayo mpaka umalize chuo. Akasita. Nikadhani anahofia kazi zake za darasani zitafutika. Akasema, "Fundi, mfumo siuogopi. Nasikia hao watu wake ukiwauliza kitu wanakutukana."

Neno lile limenikaa kooni. Niko kwenye Linux tangu 2005, nimefundishwa na watu ambao sura zao sijawahi kuziona, na leo kijana ambaye simu yake ya Android inaendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kutwa kucha anawaogopa walioitengeneza. Naomba tuliongee kwa kina, maana naona watu wanatupotea mlangoni.

Nianze kwa kukubali: sifa hii haikuzushwa. Linus Torvalds alipotangaza kerneli yake tarehe 25 Agosti 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, aliitangaza hadharani, na kazi ya kerneli imefanyika hadharani hadi leo. Mabishano yote hupita kwenye barua pepe ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Kwenye kampuni ya kawaida bosi akimfokea mhandisi, yanaishia humohumo chumbani. Kwenye kerneli yalibaki yameandikwa, na miaka ikipita mtu anayachomoa na kuyasambaza upya. Na Linus alifoka kweli. Kwa miaka mingi aliwajibu watunzaji wenzake kwa maneno makali, mengine matusi ya wazi. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, aliionyesha kampuni ya NVIDIA, watengenezaji wa kadi za picha, kidole cha kati mbele ya kamera. Nina wateja wasiojua kerneli ni kitu gani ila video hiyo wameiona.

Mwaka 2013 Sarah Sharp (siku hizi Sage Sharp), aliyekuwa mtunzaji wa draiva (programu za kuendesha vifaa) za USB 3.0, alimwambia Linus hadharani kwamba lugha ile haifai kazini. Ulizuka mjadala mrefu, kisha mambo yakarudi kama zamani. Mwaka 2015 Sharp akatangaza kwamba ameachana na kazi ya kerneli. Ilichukua mpaka tarehe 16 Septemba 2018 ndipo Linus, ndani ya tangazo la toleo la majaribio 4.19-rc4, alipoomba radhi na kusema anakaa kando kwanza atafute msaada wa kuelewa hisia za wenzake. Siku hizohizo kerneli ikapokea kanuni mpya za maadili. Mwezi uliofuata alirudi kazini. Mimi kwa hilo nampa heshima yake. Mtu mzima, tena mwenye jina, kukiri kosa mbele ya dunia nzima si jambo dogo.

Lakini angalieni: ugomvi ule ulikuwa wa mhandisi na mhandisi, wakigombea msimbo. Mtu anayeuliza kwa nini Wi-Fi haishiki hakuwamo. Tatizo ni kwamba anayepita nje ya nyumba akisikia baba anafoka hajui kama wanagombea shamba au chumvi. Anachojua ni kwamba nyumba ile ina kelele, basi anapita zake.

Sasa niwape la kwangu. Mwaka 2010 nilifunga Ubuntu 10.04, aina mojawapo ya Linux, kwenye laptopu ya kaka yangu. Kila kitu kikawaka isipokuwa Wi-Fi. Kadi ilikuwa ya kampuni moja ambayo draiva yake haikuwa huria, kwa hiyo mfumo haukuweza kuiwasha wenyewe. Nikaenda intaneti kafe, nikaandika swali langu kwenye jukwaa moja kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Jibu la kwanza lilikuja ndani ya dakika kumi: soma mwongozo, swali hili limeulizwa mara mia. Nililipia nusu saa nzima nikitafuta huo mwongozo, na niliouona ulianza kwa kuniambia niunganishe kompyuta kwenye intaneti. Intaneti ndiyo niliyokuwa naitafuta!

Kesho yake asubuhi nikarudi kafe. Nikakuta mtu mwingine ameniandikia usiku. Hakunihoji kwa nini sijui. Aliniambia niandike `lspci -nn`, nitafute mstari wenye neno "Network", nimpe namba iliyo kwenye mabano ya mraba, ile yenye herufi na tarakimu nne, nukta mbili, kisha nyingine nne. Nikainakili amri kwenye daftari, nikaenda nyumbani, nikaandika namba, nikarudi kafe. Jibu lake la pili lilikuwa swali moja tu: "Sidii uliyofungia mfumo bado unayo?" Draiva ilikuwa humo humo kwenye sidii, ndani ya folda `pool/restricted`. Sikuhitaji intaneti hata kidogo. Nikairudisha sidii, nikaingia kwenye folda, `sudo dpkg -i`, nikawasha upya, na kile kitaa cha bluu juu ya kibodi kikawaka. Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika chai.

Watu wawili, jukwaa moja, usiku mmoja. Ningeishia kwa yule wa kwanza, leo nami ningekuwa nawaambia vijana kwamba watu wa Linux wana dharau, na nisingekuwa nasema uongo.

Na hapa ndipo nataka kuisemea Ubuntu, maana wao ndio waliolishughulikia jambo hili tangu mwanzo kama kazi yenyewe. Mark Shuttleworth ni Mwafrika Kusini aliyeuza kampuni yake ya Thawte kwa VeriSign mwaka 1999, akaenda anga za juu mwaka 2002, halafu akawakusanya watu wa Debian, mradi mwingine wa Linux, na toleo la kwanza, 4.10, likatoka Oktoba 2004. Jina ni la Kizulu na Kixhosa, ila sisi halihitaji kutafsiriwa: ubuntu ni utu. Wao husema umuntu ngumuntu ngabantu, sisi tunasema mtu ni watu. Nembo yenyewe ni watu watatu walioshikana mikono kwenye duara.

Walikuwa na kanuni za maadili miaka mingi kabla ya kerneli kuwa na zake za sasa. Na hazikuwa za kutundika ukutani. Aliyetaka kutambuliwa kama mwanajamii alizitia sahihi kwa ufunguo wake wa kidijitali. Humo mlikuwa na mambo ya kawaida kama heshima na kushirikiana, ila mawili yalinigusa. La kwanza, ukiwa huna hakika, uliza, na anayeulizwa ajibu. La pili, ukiondoka, ondoka kwa staha: waambie wenzako, kabidhi kazi, usiwaache na mzigo usiojulikana ulipo. Niambieni ni ofisi ngapi mnazozijua zenye kanuni hiyo ya pili.

Halafu zile sidii. Vijana wa sasa hamtaamini. Uliingia kwenye tovuti yao, ukaandika S.L.P. yako, na baada ya wiki kadhaa ukaitwa posta. Yangu ya 2005, toleo la 5.04, ilikuwa jalada la kadibodi lenye sidii mbili, moja ya kujaribu bila kufunga, nyingine ya kufunga. Sikulipa hata senti, hata gharama ya posta walilipa wao. Kwa mtu aliyekuwa ananunua intaneti kwa dakika, kupakua mfumo wa megabaiti mia sita ilikuwa ndoto. Mpango ule waliufunga mwaka 2011. Naamini kabisa kwamba sifa njema ya Ubuntu hapa kwetu ilijengwa na yale majalada kuliko na programu yoyote iliyokuwa ndani.

Wakaja kuipoteza, na hawakuipoteza kwa matusi. Machi 2010, walipokuwa wanaandaa 10.04, walihamishia vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha upande wa kushoto. Watu wakalalamika. Shuttleworth akajibu kwamba maoni yanakaribishwa lakini hii si demokrasia, usanifu haupigiwi kura. Mwaka uliofuata wakaleta Unity, mwonekano mpya wa skrini, kwenye 11.04, na wengi wakahamia Linux Mint, aina nyingine ya Linux. Oktoba 2012, kwenye 12.10, ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia faili zako mwenyewe, neno lile lilipelekwa kwenye seva za Canonical, kampuni ya Shuttleworth, na ukaletewa bidhaa za Amazon. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, akaita ujasusi. Mpaka 16.04 ndipo jambo lile likazimwa lisifanye kazi bila mwenyewe kuliwasha.

Hakuna aliyetukanwa hapo. Lugha ilikuwa ya adabu tupu. Lakini watu waliotia sahihi kanuni za utu, waliotafsiri bila malipo, waliojibu maswali usiku, waligundua wanapewa taarifa badala ya kuulizwa. Kwangu mimi hilo liliumiza zaidi ya kufoka kwa Linus.

Karibuni.

Ngalawa_Nyeupe

Mkuu Fundi, uzi mzuri ila naona unawatetea mno. Unasema mgeni hakuwamo kwenye ugomvi. Mimi nilikuwa mgeni na nilikuwamo.

Tusiende mbali. Novemba 2021 yule Linus mwingine, Linus Sebastian wa chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, alijaribu kuhamia Linux kwa ajili ya michezo. Akachagua Pop!_OS, aina nyingine ya Linux. Alitaka kufunga Steam tu, programu ya michezo. Mfumo ukamwambia ili kuendelea aandike sentensi ya kuthibitisha, "Ndiyo, fanya ninavyosema!" Akaiandika. Ukang'oa mazingira yote ya picha, akabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Mamilioni wakatazama. Na nini kilifuata? Nusu ya mitandao ilikuwa inamcheka: onyo lilikuwepo, kwa nini hakusoma. Mtu anataka kufunga programu ya kawaida kabisa, kifurushi kilikuwa na kasoro, halafu mjinga ni yeye.

Mimi siku ile nilizima kompyuta nikasema hawa watu hawatabadilika. Nimerudi Linux kwa sababu ya kazi, sikurudi kwa mapenzi.

Fundi_Kihonda (mleta mada)

Ndugu yangu Ngalawa, umenikamata panapouma, na sibishi. Ile sentensi nilikuwa naijua kwa miaka, na mimi nami niliposikia kisa kile neno la kwanza lililonijia lilikuwa "mbona onyo limeandikwa". Ukizoea nyumba unasahau kwamba kizingiti ni kirefu.

Niongeze tu yaliyofanyika nyuma ya kelele. Watu wa Pop!_OS walirekebisha kile kifurushi, na watunzaji wa APT, programu ya kufunga na kuondoa vifurushi, wakaibadilisha programu yao isikubali kirahisi kung'oa vifurushi vya lazima. Yaani waliotazama kisa kile wakajiuliza kosa letu ni lipi walikuwepo, ila hao hawapigi kelele. Wanatuma marekebisho, wanalala.

Karafuu_Wete

Assalaam alaykum nyote.

Nataka kusema upande ambao mleta mada ameupita. Mimi natunza kiprogramu kidogo, watumiaji wake hawazidi mia chache, na sijawahi kulipwa. Jueni kwamba matusi mengi ninayopata hayatoki kwa wataalamu. Yanatoka kwa watumiaji. "Limekaa miezi mitatu hili tatizo, umekufa?" Mtu hanijui, hajui nina wagonjwa nyumbani, hajui mchana niko kazini.

Kisa cha xz mwaka 2024 mnakikumbuka. Ile ni maktaba ndogo ya kubana faili, iko karibu kila mahali kwenye Linux, na ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin, anayeitunza kwa muda wake wa ziada. Yakajitokeza majina kwenye barua pepe yakimsukuma: unachelewa, mradi umekufa, mpe mtu mwingine. Akajibu kwa upole kwamba hali yake ya afya ya akili haijawa nzuri kwa muda mrefu na kwamba mradi huu ni wa kujitolea. Hawakumwachia. Pembeni alikuwepo "msaidizi" mpole, mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan. Akapewa funguo. Huyo ndiye aliyepachika mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Wanaochunguza wengi wanaamini yale majina ya kusukuma yalikuwa sehemu ya mpango uleule.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL aliyeajiriwa Microsoft. Aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akafuatilia mpaka akafika chini kabisa. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo yale hayajasambaa kwenye mifumo mingi ya seva.

Nusu sekunde. Mtu mmoja asiyependa kuacha kitu kidogo kipite ndiye aliyetuokoa, na mtu mmoja aliyechoka ndiye aliyesukumwa mpaka akaufungua mlango. Tukizungumza dharau ya jamii ya Linux, tuzungumze na hii.

Fundi_Kihonda (mleta mada)

Waalaykumu salaam Karafuu. Nakazia kila neno. Yule msaidizi mpole ndiye anayenitisha. Nilivyoandika juu ni kama upole pekee unatosha kumjua mtu mwema, na kisa hiki kinaonyesha upole unaweza kuwa chambo. Pole kwa wagonjwa, Mungu awape nafuu.

BintiTabora

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Nimesoma mpaka hapa nikaona lazima niandike. Mimi niliingia kwenye chumba cha mazungumzo cha distro moja, yaani aina moja ya Linux, kwa jina langu halisi la kike. Swali langu lilikuwa kuhusu kugawa diski. Kabla ya jibu nikapata jumbe tatu za faragha, mbili za kuniuliza naishi wapi na moja siwezi kuiandika hapa. Nikatoka. Nikaingia tena baada ya siku mbili kwa jina lisiloonyesha lolote, swali lilelile, nikajibiwa vizuri ndani ya dakika tano. Kwa hiyo mleta mada anaposema "watu wawili, jukwaa moja", kwangu mimi walikuwa watu walewale, niliyebadilika ni mimi.

Sarah Sharp uliyemtaja, kaka, ukisoma watu walivyomjibu mwaka 2013 utaelewa kwa nini wengi wetu tunaingia kimyakimya.

La pili. Linux kwangu ilianza kwa Kiswahili na hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Wasweden walikuwa na mradi wa Kilinux, wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Shangazi yangu alikuwa mwalimu, aliifunga kwenye kompyuta ya shule. Nilikuwa mtoto. Nilifungua menyu nikasoma "Hariri", nikajua kompyuta inaongea na mimi. Mpaka leo nikisikia watu wanasema programu huria ni ya wazungu wenye ndevu nakumbuka menyu ile.

Baadaye nikajiunga na mradi mmoja wa tafsiri. Nilibishana wiki nzima na kijana wa Nairobi kuhusu kompyuta na tarakilishi. Tulibishana kwa heshima, kila mmoja akileta mifano, tukakubaliana kubaki na kompyuta kwenye menyu. Kisha asubuhi moja mratibu, ambaye hazungumzi Kiswahili hata salamu, alirudisha tafsiri za zamani zote kwa sababu za kiufundi bila kutuuliza. Sentensi zaidi ya mia nne. Aliandika "asanteni kwa kuelewa". Yule kijana wa Nairobi hakurudi tena.

Fundi_Kihonda (mleta mada)

Marahaba dada. Pole sana, na asante kwa kuliandika. Niliposema "hakuna aliyetukanwa" nilikuwa nazungumzia 2012 na Amazon, lakini ninyi wawili mlifanyiwa kitu hichohicho kwa sentensi mia nne. Na kuhusu zile jumbe za faragha, sina la kutetea. Kanuni za maadili zilizokosa mtu wa kuzisimamia saa sita usiku ni karatasi.

Huyo kijana wa Nairobi, kama unasoma hapa, jitokeze.

Mlinzi_wa_Seva

Salamu kutoka Eldoret. Si mimi huyo kijana, lakini nimefurahia uzi.

Mimi nashughulikia seva kwa ofisi, na huko mtazamo ni tofauti kabisa. Mkubwa wangu hana habari na matusi. Swali lake ni moja: ikianguka usiku, tunampigia nani? Kwake "jamii" ni neno la watu wasiokuwa na nambari ya simu. Namweleza kwamba Ubuntu LTS, toleo la kutunzwa muda mrefu, inatunzwa miaka mitano, ya kwamba Canonical na Red Hat wanauza msaada, ya kwamba orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani zote zinaendeshwa kwa Linux tangu Novemba 2017. Anasikiza, lakini bado anataka nambari.

Jambo la kuulizwa na kutoulizwa mleta mada amelisema vyema, na mfano mkubwa kuliko Amazon ni CentOS, Linux ya bure ya seva. Watu walitarajia CentOS 8 itunzwe hadi 2029. Desemba 2020 tangazo likatoka: mwisho ni Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ikakatwa kwa tangazo moja. Lakini angalieni kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo jamii ilionekana. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akaanzisha Rocky Linux, akaipa jina la Rocky McGaugh, mwanzilishi mwenzake aliyekuwa ameaga dunia. AlmaLinux nayo ikaja. Mwaka 2021 zote mbili zilikuwa tayari kutumika. Mkubwa wangu nilipomweleza hilo ndipo alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hivyo wakifunga duka, watu wanaweza kufungua lingine na bidhaa zilezile?" Nikamwambia ndiyo, leseni inaruhusu. Hiyo alielewa kuliko zile kompyuta 500.

Ngalawa_Nyeupe

Mlinzi, hapo umenena. Na Ubuntu wenyewe walijifunza kidogo, tuwape haki yao. Juni 2019 walitangaza kwamba 19.10 haitakuwa na vifurushi vya biti 32, vile vya programu za zamani. Valve, wenye Steam, wakasema basi Steam haitaiunga mkono Ubuntu. Ndani ya siku chache Canonical wakarudi nyuma, wakasema watabakiza vifurushi vinavyohitajika. Swali langu linabaki: walisikiliza jamii au walisikiliza Valve?

Fundi_Kihonda (mleta mada)

Naona walisikiliza pande zote mbili, na sauti ya Valve ilikuwa nzito zaidi. Kuna watu wengi walikuwa wameeleza vizuri sana kuhusu Wine (inayoendesha programu za Windows kwenye Linux) na michezo ya zamani kabla Valve hawajafungua mdomo. Ningependa siku moja kuona wanarudi nyuma kwa sababu ya mwalimu mmoja mwenye kompyuta kumi za zamani.

Mgeni_SUA

Habari zenu wakubwa. Mimi ndiye yule kijana wa laptopu. Fundi alinitumia kiungo cha uzi huu. Nimefunga Linux Mint jana usiku mwenyewe kwa flashi aliyonipa. Kila kitu kipo ila sauti haitoki kabisa, na kwenye mipangilio inaonyesha iko asilimia mia. Nisameheni kama swali ni la kijinga.

Ngalawa_Nyeupe

Karibu mdogo wangu. Si la kijinga, hata mimi liliwahi kunilaza macho.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike `alsamixer`. Ukiona mstari mmoja tu wa Master, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti yenyewe, kwa kawaida jina lake lina neno Intel au HDA. Itatokea mistari kadhaa iliyosimama. Chini ya kila mmoja kuna kisanduku. Penye MM pamezimwa. Sogea kwa mshale mpaka hapo, bonyeza herufi M, itageuka OO, kisha panda kwa mshale wa juu. Usifute mfumo hata ukikwama, rudi hapa uniambie unaona nini.

Mgeni_SUA

Asante sana kaka. Speaker ilikuwa na MM. Nimeibonyeza, imetoka! Ila sasa nikichomeka visikilizi, sauti inatoka kotekote, kwenye spika na masikioni. Niko bwenini, wenzangu wamelala.

Ngalawa_Nyeupe

Punguza sauti kwanza wasikufukuze.

Rudi humohumo kwenye alsamixer, sogea kulia mpaka mwisho kabisa. Kuna kitu kinaitwa Auto-Mute Mode. Kama kimeandikwa Disabled, tumia mshale wa juu kukigeuza kiwe Enabled. Kama hakipo kabisa, niandikie matokeo ya `aplay -l` na modeli ya laptopu. Niko macho mpaka saa sita.